Maongezi na Mgongo wa Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi. Nyumba inanuka kufungwa. Mdogo wangu aliachiwa ufunguo mwezi mzima, amekiri alikuja mara moja tu, akamwagilia maji ua la plastiki, akaondoka akijisifu.

Kasema nimerudi mwembamba na mkorofi. Nikamwambia mkorofi nilikuwa kabla ya safari, wembamba ndio mpya.

Matembezi yamekwisha, basi. Kutoka milimani mpaka ziwani kwa miguu, watu sita, njia nyembamba, safu moja. Mbele kabisa Afande, mwanamke, trafiki mstaafu, mwenye filimbi. Nyuma yake Daktari wa Meno. Kisha Bibi Harusi na Bwana Harusi, walioana wiki moja kabla na kugombana njia nzima. Kisha Mwalimu. Kisha mimi, mkia.

Kanuni ya Afande ilikuwa hivi. Kwenye ukungu hakuna kutazama, kuna kuitika. Yeye anasema "Nipo", wa pili "Nipo", mpaka nyuma, na mimi namalizia "Mkia upo". Huruhusiwi kuitika kabla aliye mbele yako hajaitika. Ukimruka, unaficha kwamba hayupo. Nilidhani ni mambo ya kipolisi. Baada ya siku chache nilikuwa siwezi hata kunywa chai kabla Mwalimu hajainua kikombe.

Leo nimekwenda dukani na kujikuta namfuata mzee mmoja nyuma nyuma, hatua kwa hatua. Kona ya pili akageuka kuniuliza nataka nini kwake.

Jumanne, 4 Machi

Afande amefungua kundi la simu. Ameliita Msafara. Amri ya kwanza: kila siku saa moja asubuhi tuitikiane, kwa mpangilio uleule. Bwana Harusi akauliza kwa nini, wakati tumeshafika. Afande akajibu kwamba kufika si sababu ya kupotea.

Tukaitika. Mwalimu aliandika "Nipo." na nukta mwishoni. Ndiye peke yake anayeweka nukta.

Nikaandika "Mkia upo" nikaenda kazini. Siku yote ilikwenda vizuri, sijui kwa nini. Nadanganya. Najua.

Alhamisi, 6 Machi

Karakanani. Viti vya kinyozi, vyote vimekaa shimo. Nimetoa sponji ya zamani, ndani yake kuna nywele za mji mzima. Nimebadilisha springi mbili, nimekaza mikanda, kitambaa bado. Mikono imekumbuka kazi kabla ya kichwa.

Kuhusu Mwalimu. Anafundisha udereva. Miaka yote amekaa kiti cha pembeni akiongea na watu bila kuwatazama, macho barabarani. Ndiyo maana njiani aliongea vizuri sana. Alikuwa anatazama mbele, maneno yanakuja nyuma kwangu: habari za marehemu mkewe, habari za wanafunzi waliogonga miti, jinsi anavyochukia ukimya wa Jumapili. Nami nikamwambia mambo ambayo sijamwambia hata mdogo wangu. Nilikuwa naongea na mgongo, na mgongo haukunji uso.

Jioni tukikaa kula, tulikuwa tunapitishiana chumvi. Basi.

Namjua mgongo wake kuliko sura yake. Bega la kushoto liko chini kidogo. Kola ya shati la bluu imegeuzwa na kushonwa upya, kazi safi, nilimuuliza nani kashona, akasema yeye mwenyewe. Hapo ndipo niliponaswa. Mwanamke wa umri wangu, mjane wa miaka mingi, nimenaswa na kola.

Jumapili, 9 Machi

Saa moja Afande akaitika. Daktari akaitika. Kisha kimya. Saa mbili, kimya. Saa nne, kimya. Bibi Harusi hayupo. Mumewe kimya. Mwalimu kimya. Mimi, bila shaka, kimya.

Nilikaa na simu mapajani nikishindwa hata kuoga. Saa sita Afande akawapigia. Bibi Harusi alikuwa amelala. Mumewe aliamka alfajiri, akakaa pembeni ya kitanda hichohicho, simu mkononi, akisubiri mkewe aamke aitike ili naye aitike. Afande alimuuliza kwa nini hakumwamsha. Akasema kanuni haikutaja kuamsha.

Mwalimu: "Nipo." Nukta. Saa sita na robo. Nikaenda kuoga.

Jumatano, 12 Machi

Viti vya kinyozi vimekwenda. Limeingia benchi la chumba cha kusubiria, kwa Daktari wa Meno. Amenipa kazi kwa sababu ya msafara, lakini amenitumia mtu wa ofisini kuja kuongea nami. Yeye mwenyewe njiani alinisimulia alivyomwogopa baba yake mpaka siku ya mazishi. Sasa anatuma mtu kujadili rangi ya kitambaa.

Mdogo wangu anasema watu wa safarini ni wa safarini. Mkishuka kila mtu anachukua mzigo wake. Nimemwambia hajui anachosema. Ameniambia nina kundi la simu la watu wanaoandikiana neno moja kwa siku. Hapo kidogo alinipata.

Jumamosi ijayo tunakutana mkahawani, wote sita. Nimepiga pasi gauni.

Jumamosi, 15 Machi

Andika kila kitu, usisahau.

Mkahawa mzuri, meza ya duara. Duara ndilo lililotuponza. Tulikaa tukitazamana, na hakuna aliyewahi kumtazama mwenzake. Daktari alitazama meno yetu, ndiyo mazoea yake. Maharusi walitazama menyu. Afande akauliza hali za familia, tukajibu nzuri, tukamuuliza yake, akajibu nzuri. Kisha ukaingia ukimya wa kusikia friji inaunguruma. Mwalimu alikuwa mbele yangu kabisa na sikujua pa kuweka macho. Ana kovu kwenye nyusi. Mwezi mzima, sikujua ana kovu!

Daktari akasema mvua imechelewa. Tukakubali imechelewa.

Ndipo Afande akasimama, akasema: "Safu."

Hakuna aliyeuliza. Tukasimama, tukatoka mlangoni kwa mpangilio, tukaanza kuzunguka jengo. Duka la dawa, benki, gereji, duka la dawa tena. Na ghafla watu wakaongea! Daktari anamcheka Afande, Maharusi wanagombana kama zamani, kila kitu sawa. Mhudumu alitoka mbio na daftari la oda mkononi, akiuliza tunakwenda wapi. Nikamwambia tunazunguka tu, atufuate. Akatufuata. Kwa mzunguko mmoja sikuwa mkia.

Mzunguko wa tatu Mwalimu akaanza, sauti ileile ya njiani.

Akasema binti yake anataka ahamie kwake. Ni mbali, kwa ndege. Tayari kuna mpangaji wa nyumba. Safari ni tarehe thelathini mwezi huu.

Nikasema, "Kha."

Akasema ni mtoto mzuri, ana nia njema. Akasema, "Nitakwenda tu, isipokuwa..."

Tukafika mlangoni. Afande akaingia, Daktari akaingia, Maharusi wakaingia, Mwalimu akaingia. Akakaa. Akala kuku wote bila kuinua kichwa.

Isipokuwa nini?

Jumapili, 16 Machi

Nimemsimulia mdogo wangu. Amecheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akaniangalia vizuri, akaacha.

"Dada, unampenda."

Nikasema ndiyo. Nimeshangaa ilivyotoka kirahisi, lakini mdogo wangu alikuwa amerudi kuosha vyombo, amenipa mgongo.

Akasema basi mpigie, mficha uchi hazai. Nikamwambia kwa umri wangu kuzaa siyo shida iliyopo. Nikapiga hata hivyo.

Haloo. Haloo. Unaendeleaje? Naendelea. Na wewe? Naendelea. Huko kwako kuna mvua? Hakuna. Na kwako? Hakuna. Haya. Haya.

Tunakaa mji mmoja.

Jumanne, 18 Machi

Nimefanya ujinga. Nauandika hapa ubaki hapa.

Nilifikiri: ndani ya gari la mafunzo mnakaa ubavu kwa ubavu, wote mnatazama mbele. Ingekuwa karibu sana na safu. Nikaenda shule ya udereva, nikajiandikisha, nikasema namtaka Mwalimu, mwenye bega la kushoto chini. Binti wa mapokezi akasema yule aliaga kazi Ijumaa, wamemkatia keki. Nikasema basi, asante. Akasema lakini umeshaandikishwa, Mama, gari liko tayari.

Nikaendesha gari saa nzima na kijana anayetafuna pipi. Nimegonga pipa la taka moja, tupu. Kijana kasema nina kipaji cha kurudi nyuma.

Ijumaa, 21 Machi

Asubuhi hii kundini: "Bibi Harusi ameondoka." Dakika moja baadaye: "Bwana Harusi ameondoka." Afande anasema wamegombana kuhusu nani aliye mbele ya nani, na wamepatana kwa kuacha safu na kundi. Wapo pamoja, wazima, wanalala mpaka wanapotaka. Nawaonea wivu.

Mwalimu hajaitika leo.

Jumapili, 23 Machi

Mwalimu hajaitika jana. Wala leo.

Nimepiga, inaita tu. Mdogo wangu anasema mtu anayehama ana mambo mengi. Nimesema mtu anayehama ana vidole vilevile. Amesema nile. Nimekataa, kisha nimekula.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, watu husema. Mimi nausikia mshindo wenyewe kifuani, na sipendi.

Jumatatu, 24 Machi

Nimempigia Afande nikamwambia kuna jambo baya kwa Mwalimu. Akaniambia nikae kwenye laini. Akampigia kwa simu ya mumewe. Nilisikia kila kitu.

Mwalimu ni mzima. Alikuwa anapakia vitabu, simu iko jikoni. Kuhusu kuitika, alishangaa kuulizwa. Aliye mbele yake hajaitika, yeye angeitikaje?

Afande akamwambia yule ameondoka kwenye kundi, Mwalimu, ameondoka tangu Ijumaa. Akajibu ndiyo, aliona, ndiyo maana alikuwa anamsubiri arudi.

Siku zote hizo! Nusu nife kwa sababu ya mwanamume anayetii kanuni kupita aliyeitunga. Afande akatoa amri mpya: Mwalimu sasa yuko nyuma ya Daktari. Baada ya dakika chache simu ikalia.

"Nipo."

Nililia kidogo. Nilikuwa nagongea kitambaa na misumari ilikuwa mdomoni, jambo ambalo si salama.

Jumatano, 26 Machi

Nimeomba kundini tutembee mara moja tena kabla Mwalimu hajasafiri. Popote. Hata kuzunguka benki.

Daktari ana mkutano wa madaktari. Afande goti limevimba, amekatazwa hata ngazi. Mwalimu hakuandika kitu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza yeye peke yake.

Nikamwambia mdogo wangu imekwisha, hakuna safu tena. Watu wawili si safu.

"Watu wawili ni safu, Dada. Fupi tu."

Nimekaa na hilo jioni nzima.

Alhamisi, 27 Machi

Ujumbe kutoka kwa Mwalimu. Si kundini. Kwangu.

"Kochi langu nalitoa. Bado zima. Kama una nafasi karakanani, ni lako. Jumamosi."

Nukta nne. Nimezihesabu.

Nimempelekea mdogo wangu asome. Anasema mwanamume hatoi kochi bure. Nimesema huyu anahama, lazima alitoe. Amesema mji huu una watu wangapi wanaohitaji kochi, na wangapi wana makochi kazini kwao mpaka hawana pa kupita? Ni kweli karakanani hakuna pa kuweka hata kigoda.

Nimejibu: "Nafasi ipo." Nami nimeweka nukta.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika nikiwa ngazini, nimekalia kochi lenyewe. Daftari lilikuwa mkobani. Muda ninao, hakuna anayepita.

Nimekuja na pikapu ya muuza vitambaa. Ghorofa ya tatu. Mlango umefunguliwa na binti yake. Nilikuja nimejiandaa kumchukia. Ni mpole, ana macho ya mtu asiyelala, akanikaribisha, akanipa maji, akaniita Mama. Nyumba ni maboksi matupu na alama za picha ukutani.

Mwalimu alikuwa chumbani anafunga sanduku. Binti akashusha sauti. Akasema, "Mama, wewe ni rafiki yake, usinione mbaya. Mwaka jana alianguka bafuni. Alikaa sakafuni mpaka kesho yake. Hakuna hata mtu mmoja aliyejua, maana hakuna aliyekuwa anamuuliza kama yupo. Mimi niko mbali, nimejua baada ya wiki. Tangu siku hiyo silali."

Ningekuwa mimi ningekata tiketi siku ileile.

Nikamwambia tu kwamba siku hizi anaulizwa. Akasema ndiyo, baba amemwambia, saa moja asubuhi. Kisha akasema, "Lakini mnaulizana kwa simu, Mama. Fimbo ya mbali haiui nyoka." Kweli tupu. Nilikunywa maji yote.

Mwalimu akatoka. Shati la bluu. Akasema habari za asubuhi, nikasema nzuri, tukatazama kochi. Ni la watu watatu, mbao ngumu, halijalegea popote. Binti akataka kuita wabebaji. Mwalimu akasema watu wawili wanatosha. Binti akatangulia chini kuangalia gari.

Sasa, kochi likishuka ngazi, mtu wa chini hutembea kinyumenyume. Anatazama kochi na anamtazama wa juu, wanaelekezana. Hii ni kazi yangu, nimeshusha makochi maisha yangu yote. Nikamwambia ageuke. Hakugeuka. Akalipa kochi mgongo, akaupitisha mkono mmoja nyuma huku na mwingine nyuma kule, akainua, akaanza kushuka akitazama mbele. Nikaelewa. Ningeweza kumwangusha, lakini nikainua upande wangu.

Tulipomaliza kushuka ghorofa moja, yeye akaanza. Sauti ya njiani.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

"Siku ile nilikatisha maneno."

"Ulikatisha."

"Mlango ulifika."

"Najua, Mwalimu. Malizia."

Akashuka ngazi mbili tatu. Akasema, "Nilitaka kusema nitakwenda, isipokuwa akitokea mtu hapa wa kuniambia nisiende. Kisha nikaona si haki kumtwisha mtu jambo hilo."

Kochi ni zito. Jasho linaingia machoni. Mbele yangu kola iliyogeuzwa na bega la kushoto chini kidogo. Nikasema, bila kupanga sauti wala maneno:

"Usiende. Nakutaka hapa. Hata ukianguka, nitakuwa nimekaa karibu, si kwenye simu. Usiende."

Akasimama palepale. Mimi sikusimama. Kochi likanyooka mbele, likaingia kwenye kona, mkono wake mmoja ukajichimbia ukutani, mwingine ukang'ang'ania chuma cha ngazi. Likakwama. Haliendi juu, haliendi chini.

Amesema neno moja tu, "Nimekusikia." Kisha akaketi kwenye ngazi, upande wake wa kochi. Mimi nikapanda nikaketi juu yake. Kochi, si Mwalimu. Sijaona uso wake tangu tuondoke juu. Ameshika magoti. Mgongo umetikisika mara moja, sijui ni kucheka au ni nini, na sijauliza.

Jirani wa chini amekuja na mboga, ametazama, amerudi kungoja kwa mlinzi. Binti ameita mara ya kwanza: mpangaji anakuja kuchukua funguo jioni, na ndege ni kesho alfajiri, kuna nini huko? Nikajibu limekwama. Akasema anakuja kusukuma. Mwalimu akamwambia, taratibu kabisa, "Subiri kwanza, mwanangu." Anafikiri. Mimi namwacha afikiri. Ni safari ya mtoto wake na ni maisha yake, na mimi nimeshasema langu.

Makochi ya aina hii miguu inafunguka. Skrubu nne, bisibisi ya nyota. Ukiitoa miguu linapinda kona bila kugusa ukuta, kazi ya muda mfupi tu. Bisibisi iko mkobani, ilikuwa chini ya daftari hili.

Binti ameita tena.

"Mama, wewe si ndiye fundi? Litatoka kweli leo?"

Nimemwambia leo halitoki.